Jokofu na kiyoyozi chako: namna ya kuvinunua, kuvitengeneza na kuviondoa bila kuiumiza anga

Barafu ikishaganda ndani ya friza hadi droo haivutiki, mwenye nyumba aliyechoka kusubiri huchukua kisu au bisibisi akaanza kuichokoa. Ncha huteleza na kutoboa bomba jembamba la alumini lililojificha nyuma ya ukuta wa friza, sauti ya kufoka husikika kwa muda mfupi, na gesi iliyokuwa ikilipoza jokofu hilo kwa miaka huwa imekwisha kutoka kabla hajatambua alichofanya. Wengi huhesabu gharama ya fundi na ya nyama itakayooza. Iko hasara nyingine inayoipata anga, na ukubwa wake hutegemea aina ya gesi iliyofoka. Mwongozo huu unaeleza namna mtu wa kawaida, mwenye jokofu jikoni au kiyoyozi ukutani, anavyoweza kuizuia.

Maswali mawili, si moja

Kabla ya kugusa chombo chochote ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya: kuharibika kwa tabaka la ozoni, na kuongezeka kwa joto la dunia. Gesi za majokofu zimehusika katika yote mawili, lakini kila moja lina njia yake.

Ozoni ni oksijeni yenye atomi tatu katika kila molekuli, badala ya mbili zilizomo katika oksijeni tunayovuta. Sehemu yake kubwa, kama asilimia 90, iko katika stratosfia, yaani tabaka la juu la hewa, hasa kati ya kilomita 15 na 35 juu ya ardhi, na huko huchuja miale ya urujuanimno ambayo husababisha saratani ya ngozi na mtoto wa jicho, hudhoofisha mazao na huua vijimea vidogo vya baharini ambavyo ndivyo mwanzo wa chakula cha samaki. Neno "tabaka" humfanya mtu afikirie kitu kinene, lakini lau ozoni yote iliyo juu ya kichwa chako ingeshushwa hadi usawa wa bahari, ikabanwa na uzito wa kawaida wa hewa, unene wake ungekuwa milimita 3 tu. Kwetu karibu na Ikweta huwa pungufu kidogo ya hapo kwa maumbile, na jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, hivyo miale yetu ni mikali hata pasipo tundu lolote angani. Watu wenye ualbino wanalijua jambo hili kwa ngozi zao.

Gesi za jamii ya CFC, yaani klorofluorokaboni, zilianza kutumiwa katika majokofu miaka ya 1930, zikasifiwa kwa sababu haziwaki, hazina sumu kubwa, wala haziungani upesi na kitu kingine. Sifa hiyo ya tatu ndiyo iliyoleta balaa. Kwa kuwa huku chini hakuna kinachozivunja, hupanda taratibu hadi stratosfia, miale mikali ya huko huzivunja na kuiachia klorini, na atomi moja ya klorini inaweza kuangamiza molekuli za ozoni zipatazo 100,000 kabla haijanaswa. Mario Molina na Sherwood Rowland waliitahadharisha dunia mwaka 1974. Mwaka 1985 Joseph Farman na wenzake wawili kutoka Uingereza walitangaza kwamba ozoni iliyo juu ya kituo chao cha Halley, Antaktiki, ilikuwa ikipungua vibaya kila baridi ya huko inapomalizika; upungufu huo ndio unaoitwa tundu la ozoni. Tarehe 16 Septemba 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi hizo, na leo kila nchi ya dunia ni mwanachama wake. Sekretarieti inayousimamia iko Nairobi. Nchi zinazoendelea ziliacha kuzalisha na kuagiza CFC mwaka 2010. Hata hivyo R-12, iliyokuwa maarufu kuliko zote katika majokofu ya nyumbani, hudumu angani kwa takriban miaka 100, na ndiyo sababu wanasayansi wa mkataba walikadiria mwaka 2022 kwamba tundu la Antaktiki halitarudi katika hali ya mwaka 1980 hadi karibu mwaka 2066.

Sasa joto. Watu wengi hudhani kwamba jua huingia kwa nguvu kupitia tundu la ozoni na hivyo kuipasha dunia joto. Sivyo. Dunia hupata joto kwa sababu gesijoto huzuia joto la ardhi lisitoke kwenda angani, na kiongozi wa gesi hizo ni hewa ukaa. Ozoni ina mkono wake katika tabianchi, ila kwa njia nyingine: kwa kuwa hunyonya miale ya jua, huipasha stratosfia yenyewe, na ilipopungua juu ya Antaktiki stratosfia ya huko ilipoa, zikasogea kuelekea ncha ya kusini zile pepo kali za magharibi zinazozunguka nusu ya kusini ya dunia wakati wa majira ya joto. Pamoja na hayo, gesi zile zile zinazoila ozoni ni gesijoto kali: kilo moja ya R-12 hupasha joto, katika kipindi cha miaka 100, sawasawa na zaidi ya tani 10 za hewa ukaa.

Kwa hiyo kila gesi inapaswa kuulizwa kama inakula ozoni, kisha iulizwe inapasha joto kiasi gani. Kibandiko cha mlangoni kinachodai kwamba jokofu ni rafiki wa ozoni hujibu swali la kwanza pekee, na kwa maoni yangu kimewapoteza wanunuzi wengi kuliko kilivyowaongoza.

(Iko pia ozoni ya huku chini, inayotengenezwa na jua kutokana na moshi wa magari na mvuke wa mafuta. Hiyo huumiza mapafu na majani ya mazao, nayo ni gesijoto, lakini haipandi juu kuziba pengo la stratosfia, wala jokofu halihusiki nayo.)

Soma kibao kilicho nyuma

Vuta jokofu lako mbele kidogo, utazame nyuma karibu na kompresa, ile pampu inayoizungusha gesi, au ukutani kwa ndani, pembeni ya droo za mboga. Utaona kibao kidogo cha maelezo chenye herufi R ikifuatiwa na namba, na mara nyingi uzito wa gesi kwa gramu. Kiyoyozi hubandikwa chake ubavuni mwa kile chombo cha nje. Kipige picha, kwa sababu utaihitaji siku fundi atakapokuja.

Ukikuta R-12, una jokofu la miaka mingi ambalo gesi yake inakula ozoni na kupasha joto kupita nyingine zote za nyumbani. Lisifunguliwe na mtu asiye na vifaa vya kuikusanya. R-22, iliyotawala viyoyozi kwa miaka mingi, pia ina klorini, ingawa madhara yake kwa ozoni ni kama sehemu 5 tu kwa kila 100 za yale ya CFC, na hupasha joto mara 1,810 kuliko hewa ukaa. R-134a haina klorini hata kidogo, haigusi ozoni, na ndiyo ilikuja na vile vibandiko vya kujisifu. Lakini hupasha joto mara 1,430. R-410A ya viyoyozi vilivyofuata haigusi ozoni pia, ila hufikia mara 2,088. R-32 ya viyoyozi vipya imeshuka hadi 675. Mwishoni kuna R-600a, yaani isobyutani, na R-290 ambayo ni propani, ndugu wa gesi iliyomo katika mtungi wako wa kupikia: haziharibu ozoni, joto lake ni kama mara 3 tu, na kasoro yake ni kwamba zinawaka.

Namba hizi huonekana kavu hadi uzibadilishe kuwa petroli. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa. Kiyoyozi kilichovujisha kilo moja ya R-410A kimefanya kazi ya kuchoma lita 900 za petroli. Jokofu la R-134a lenye gramu 120, likitobolewa kwa kisu, ni sawa na lita 75 hivi. Jokofu la R-600a lenye gramu 60 halifikii hata kikombe kimoja.

Tofauti hiyo ndiyo iliyozikutanisha nchi Kigali, Rwanda, ambako tarehe 15 Oktoba 2016 zilikubali kuurekebisha Mkataba wa Montreal ili upunguze pia gesi za jamii ya R-134a na R-410A. Ni jambo la kushangaza kidogo, kwani mkataba wa ozoni ulibebeshwa gesi ambazo haziigusi ozoni, lakini lilikuwa jambo la haki: gesi hizo zilienezwa duniani kwa sababu ya mkataba huo huo uliozifukuza CFC. Marekebisho ya Kigali yakitekelezwa kikamilifu yanaweza kuepusha ongezeko la hadi nusu nyuzi ya joto kufikia mwisho wa karne hii.

Kununua

Kwa jokofu la nyumbani, tafuta R-600a. Yanapatikana kwa wingi, hutumia umeme kidogo, na gesi yake ni haba kiasi kwamba hatari ya moto kwa mtumiaji wa kawaida ni ndogo mno. Kwa kiyoyozi, chagua R-32 au R-290 chenye kompresa inayobadili mwendo, ile inayoitwa inveta. Kiyoyozi cha R-22 usikubali hata kwa bei ya kutupa. Kwa ratiba ya mkataba, nchi zinazoendelea zinatakiwa kuwa zimepunguza gesi za jamii yake kwa asilimia 67.5 tangu mwaka 2025, na kuanzia mwaka 2030 kitabaki kiasi kidogo tu cha matengenezo. Utakuwa na mashine ambayo gesi yake ni adimu, na gesi adimu huwaleta wauzaji wa mitungi yenye mchanganyiko usiojulikana.

Majokofu ya mitumba yanahitaji tahadhari zaidi. Bei yake huvutia, lakini lililofanya kazi Ulaya kwa miaka mingi huja na mpira wa mlango uliochoka, kompresa inayokula umeme, na wakati mwingine gesi ambayo nchi lilikotoka haitaki kuigusa tena. Ghana iliyapiga marufuku mwaka 2013. Ukilazimika kununua, kisome kibao kwanza. Kama kimekwanguliwa au kimebanduliwa, liache hapo hapo dukani.

Matunzo ya kila siku

Barafu iyeyushwe ikifika unene wa nusu sentimita, bila kungoja iwe jabali. Zima jokofu, chomoa waya, acha mlango wazi, weka ndani bakuli la maji ya moto juu ya taulo, na baada ya muda mabamba ya barafu yatajibandua yenyewe. Kisu kibaki kwenye vitunguu.

Mpira wa mlango hupimwa kwa karatasi: ifungie mlangoni kisha ivute, na kama inatoka bila kukwama, baridi nayo inatoka hapo hapo. Acha nafasi ya kiganja kati ya jokofu na ukuta. Wanaoishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja wana adui wa ziada, nayo ni chumvi ya bahari, ambayo hula mapezi na mabomba ya chombo cha nje cha kiyoyozi hadi yatoboke. Kuyaosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila baada ya miezi michache, umeme ukiwa umezimwa, huahirisha tundu hilo kwa miaka.

Fundi akija

Hapa ndipo gesi nyingi hupotelea, na hapa ndipo mwenye chombo ana nguvu kuliko anavyodhani. Uvujaji mwingi huanza na sentensi moja: "Gesi imeisha, tuongeze." Gesi ya jokofu haiishi. Si mafuta ya gari. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikigeuka kimiminika na kurudi kuwa mvuke, na jokofu zima linaweza kufanya kazi hadi uzee wake kwa gesi ile ile ya kiwandani. Ikipungua, kuna tundu, na kuongeza gesi bila kuliziba ni kulipa ili kuichafua anga kwa awamu. Baada ya miezi michache utampigia tena.

Mwambie fundi, kwa heshima lakini bila kusitasita, kwamba unataka tundu litafutwe kwanza. Mara nyingi macho hutosha, kwa sababu gesi hutoka pamoja na mafuta ya kompresa na kuacha doa la utelezi kwenye kiungo cha bomba. Pasipoonekana doa, maji ya sabuni hutoa mapovu panapovuja, na kwa uvujaji mdogo fundi hujaza naitrojeni kavu kwa shinikizo akaangalia kama geji inashuka. Ukimwona analeta mtungi wa oksijeni wa kulehemu kwa kazi hiyo, msimamishe papo hapo, kwani oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka.

Gesi iliyobaki ndani isiachiliwe kwa kukata bomba. Kwa R-12, R-22, R-134a na R-410A, inapaswa kuvutwa kwa mashine ya kukusanyia hadi kwenye mtungi wake maalumu. Najua mafundi wengi hawana mashine hiyo, na siwalaumu sana, maana ni ghali na wateja hubishania hata nauli. Basi unapotafuta fundi uliza kama anayo, na akiwa nayo usimpunguzie malipo. Kwa kiyoyozi cha ukutani kinachohamishwa iko njia isiyohitaji mashine: wakati kompresa inafanya kazi, fundi hufunga vali ya bomba jembamba, gesi yote ikasukumwa ndani ya chombo cha nje, kisha hufunga vali ya bomba nene na kuzima. Gesi inahama nyumba pamoja nawe. Ukihamia mtaa mwingine na fundi akaanza kwa kufungua nati tu, ujue anaifukuza.

R-600a na R-290 zina taratibu tofauti. Madhara yake kwa anga ni madogo, lakini ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni, hivyo madirisha yafunguliwe, jiko lizimwe, na mwali wa kulehemu usiwashwe hadi mabomba yawe hayana kitu. Asikubaliwe fundi anayetaka kutia propani katika kiyoyozi kilichoundwa kwa R-22 kwa kuwa "inapoza vizuri": ni kweli inapoza, ila swichi na nyaya za chombo hicho hazikutengenezwa kukaa karibu na gesi inayowaka.

Tundu likishazibwa, hewa na unyevu wote unyonywe kwa pampu kwa nusu saa au zaidi, na ndipo gesi ipimwe kwa mizani kulingana na gramu za kibao. Wapo wanaojaza kwa kugusa bomba kama limepoa, au kwa kusikiliza mlio wa kompresa. Katika jokofu la gramu 60, kosa la gramu 10 linatosha kuliharibu. Mwisho, gesi za aina mbili zisichanganywe kamwe, kwa kuwa mchanganyiko hauwezi kusafishwa kirahisi hata na wenye mitambo. Fundi akimaliza, bandika nyuma ya jokofu karatasi yenye tarehe, aina ya gesi, gramu alizotia na mahali palipovuja.

Jokofu likifika mwisho wake

Mnunuzi wa vyuma chakavu huhitaji shaba na kompresa, na njia yake ya haraka ni msumeno. Akikata bomba, gesi huondoka. Akilichoma povu gumu lililo ndani ya kuta ili apate bati, huachia kitu ambacho wengi hawakijui. Katika majokofu ya enzi za CFC, povu hilo lilitiwa CFC nyingine, R-11, na mara nyingi kuta zilibeba gesi nyingi kuliko mabomba. Majokofu mapya hutumia povu la gesi isiyodhuru ozoni, lakini moshi wa plastiki yake bado ni sumu kwa anayeuvuta.

Kabla ya kuliuza, mlipe fundi mwenye mashine akusanye gesi, na jambo hilo liandikwe kwenye risiti. Kisha ulizia mkusanyaji wa taka za umeme aliyesajiliwa. Taasisi za mazingira, kama NEMC kwa Tanzania, NEMA kwa Kenya na Uganda, na REMA kwa Rwanda, ndizo za kuanzia. Mlango ung'olewe siku lile jokofu linapotolewa nje, kwa sababu watoto hujificha humo wakicheza. Kama hakuna fundi wala mkusanyaji wa karibu, liweke stoo likiwa zima, bila kukatwa bomba lolote: mabomba yaliyoishikilia gesi jikoni kwa miaka 15 yataendelea kuishikilia humo, mradi hakuna atakayeyagonga, hadi mwenye mashine apatikane.